Mgomba Uliovaa Koti

Asubuhi aliyorudi nyumbani kutoka kwa wafu, kitu cha kwanza Libérat alichouliza ni koti lake.

Alikuwa amekaa mkekani, mifupa mitupu. Mke wake Inamahoro alikuwa amemshika kifundo cha mkono kwa nguvu, kama mtu anayeshika mbuzi sokoni, na nusu ya kijiji cha Nyakabere ilikuwa imejaa uani ikimtazama bila kumkaribia. Homa ilikuwa haijamtoka yote. Akaomba apewe lile koti la kahawia, koti la arusi, alitupie mabegani. Gracien, mdogo wake Inamahoro, ambaye maneno hayakuwahi kumpungukia, alikuwa anatazama vidole vya miguu yake mwenyewe.

"Koti umelivaa, shemeji," akasema mwishowe. "Liko kule nyuma ya nyumba."

Libérat Nizigiyimana alizaliwa hapo hapo Nyakabere, katika tambarare ya Ruzizi, mtoto wa wakulima wa mpunga na mihogo. Alipofika miaka ishirini alishuka Kalundu, kwenye bandari ya ziwa, akawa mbebaji wa mizigo, na kwa miaka thelathini bega lake la kulia lilipokea unga, chumvi, saruji na madumu ya mawese, mpaka likaota sugu ngumu kama kisigino. Watoto wake walipokuwa wadogo walikuwa wakiligonga kwa kijiko ili wasikie mlio. Kila Jumamosi alirudi kijijini, kila Jumatatu alfajiri aliondoka. Hakuwa mtu wa mawazo mengi. Kifo alikijua kama unavyomjua jirani wa ng'ambo ya mto: yupo, moshi wake unauona, lakini hamjazoeana.

Mwaka ule ziwa lilipopanda hadi kuingia ndani ya nyumba za Kalundu, kazi ilipungua, naye akakubali kusafiri na boti moja ya mizigo iliyokuwa inaelekea kusini, ili akapakue huko. Njiani homa ikamkamata. Nahodha akamshusha kwenye ufuko wa wavuvi upande wa Ubwari, mahali ambapo simu haishiki mtandao, akamkabidhi kwa mzee mmoja na kuahidi kumpitia wakati wa kurudi. Begi lake na simu yake vilibaki botini. Boti haikurudi. Upepo uliipindua siku iliyofuata, wala hakusalia hata mtu mmoja wa kusema kwamba Libérat alikuwa ameshuka. Kilichosalia ni begi lake, lililookotwa likielea.

Inamahoro alingoja siku tisa. Kila maiti iliyotolewa majini alikwenda Kalundu kuifunua na kuifunika tena. Siku ya kumi wazee wa ukoo wakasema sasa basi, azikwe kwa mgomba.

Ndiyo ilikuwa desturi ya ukoo wao. Mtu ambaye maji yamekataa kumrudisha, hukatiwa kipande cha mgomba kwa urefu wake, kikavishwa nguo yake nzuri, kikalazwa kaburini, watu wakalia, roho ikapata mahali pa kukaa. Shina hukatwa juu ya ardhi, bila mizizi wala tunguu lake linalochipua, ili lioze taratibu kama mwili unavyooza. Gracien ndiye aliyetumwa shambani. Akarudi na mgomba mzima, tunguu na udongo wake, mizizi inaning'inia kama ndevu. Watu waliona, lakini siku ya kilio nani atagombana na mfiwa juu ya mizizi? Na kaburi lisilo na mwili halichimbwi sana. Wakauvisha mgomba koti, wakaufunga vifungo vyote vitatu, wakaufukia. Katekista Étienne akasoma sala.

Wiki nne baadaye Libérat akashuka kwenye pikipiki.

Sasa walimpeleka nyuma ya nyumba aone. Kulikuwa na tuta la udongo na msalaba wa mbao wenye jina lake na tarehe mbili. Tarehe ya pili, ile ya mazishi, kwa hesabu yake ilikuwa siku ambayo alikuwa ameketi mlangoni kwa yule mzee wa Ubwari akinywa uji. Na katikati ya tuta, mahali ambapo kifua kingekuwa, udongo ulikuwa umepasuka. Ncha ya kijani, imejikunja kama karatasi, ilikuwa imetoka na kusimama.

Gracien alikuwa amekuja na jembe. Alionekana kuona haya kwa kosa lake na alitaka kulifukua tuta lote papo hapo, koti pia, lifuliwe. Libérat akamshika mkono.

"Acha."

Ni kwamba alikumbuka neno la mama yake, aliyekwisha kufariki. Mama yake alikuwa akiwapa mbuzi majina ya watoto, na kila mara alicheka akisema: kilichopewa jina lako kinakula nawe, kikifa, tazama nyuma yako. Wakati huo lilikuwa neno la kuchekesha watoto wasimpige mbuzi mawe. Sasa Libérat alisimama mbele ya jina lake lililopakwa rangi nyeupe, akaona kitu kilicho hai kinatoka kifuani mwake, na hakucheka. Akiung'oa mgomba, je, si anajing'oa mwenyewe? Na akiuacha, kuna mkulima gani wa tambarare asiyejua mgomba ulivyo? Unazaa mara moja. Mkungu ukikomaa, unakatwa, na mgomba umekwisha.

Akahesabu kwa vidole. Mwaka mmoja na kidogo.

Hivyo ndivyo Libérat alivyopata kuwa mtu pekee wa Nyakabere aliyejua siku yake, au aliyedhani anaijua. Hakumwambia mtu isipokuwa Inamahoro, na Inamahoro alipoambiwa aligeuka akaenda kuchochea moto ambao ulikuwa unawaka vizuri.

Bandarini walimwita Lazaro. Walimuuliza kama huko juu mizigo hubebwa kichwani au begani, na kama malaika nao huchelewesha malipo. Manahodha walimwomba aguse boti zao kabla hazijaondoka, maana mtu aliyekwisha kuzikwa, walisema, maji hayana haja naye tena. Alizigusa, akacheka pamoja nao. Lakini mguu wake haukukanyaga tena ndani ya boti hata moja; alipokea mzigo ufukoni, aliuacha ufukoni.

Kilichomtisha hakikuwa maji. Kilikuwa siku tatu.

Kule Ubwari, kabla ya uji, homa ilipokuwa kali, zilipita siku tatu ambazo hakuzijua. Yule mzee alimwambia alikuwa anapumua kama mtoto, macho nusu wazi. Libérat alizitafuta siku hizo kichwani kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni, na mfuko ulikuwa mtupu. Hakukuwa na ndoto, sauti, wala giza. Giza lingekuwa nafuu, giza huonekana. Kati ya jioni ya Jumanne na asubuhi ya Jumamosi hapakuwa na chochote, wala hapakuwa na mtu wa kuona kwamba hapakuwa na chochote.

Je, ndiyo hicho? Jumamosi moja, mchana kweupe, alilala chini kando ya kaburi lake, akafumba macho, akajaribu kukifikiria kifo hadi mwisho wake. Aliona kaburi kwa ndani. Aliona koti, vifungo vitatu, mchwa. Kisha akagundua kwamba kuna Libérat mmoja amesimama pembeni anayaona hayo yote. Akamwondoa huyo. Akabaki mwingine, anayeona mahali pakiwa pamebaki patupu. Akamwondoa naye. Kila alipojitoa, alijikuta tena mlangoni, ameshika komeo. Hakuna njia. Kichwa cha mtu kinaweza kwenda Kalemie, kinaweza kwenda mwezini, lakini pale kinafika ukingoni na kuteleza, kama mguu kwenye jiwe lenye ukungu. Akainuka shati limelowa jasho, na jani la mgomba, pana sasa kama shuka, lilikuwa linamfanyia kivuli.

Mwezi wa nane Léocadie alikuja na bakuli la sombe, mboga ya majani ya mihogo. Alikuwa jirani wao wa nyumba ya tatu, na binti yake Belyse, wa miaka sita, alikuwa ameondoka na kipindupindu mwaka uliotangulia. Alikaa, akasifu sombe yake mwenyewe, akalaumu bei ya chumvi. Kisha akashusha sauti.

"Papa Libérat, minye sitaki kukusumbua. Kule kwa wafu, kwenye walikuwa wanakuhesabu... haukumuona Belyse? Alikuwa amevaa robe ya njano."

Jibu lilikuwa jepesi. Nilimwona, anacheza, anakusalimu. Lilikwisha kumfika kwenye meno. Hata rangi ya njano aliiona. Lakini aliogopa: mtu atakayesema uongo juu ya mahali asipopajua, akifika huko ataulizwa na nani?

"Sikufika kule, mama. Balinizika bure."

"Lakini siku tatu? Bibi yako, Mama Claude, aliniambia iko siku tatu haukumbuke."

"Iko. Sikuona kitu."

Léocadie akazungusha bakuli tupu mikononi.

"Haukuona," akauliza, "ao hapakuwa na kitu?"

Hilo Libérat hakuwa amejiuliza.

"Sijui, mama. Minye mwenyewe njo sikuwako."

Mama yule alifikiri sana. Halafu uso wake ukalegea kidogo. "Basi pengine ulipita karibu yake umelala," akasema, akainuka, akaenda zake na bakuli lake, amepata kitu cha kwenda nacho. Libérat alibaki pale pale mpaka kuku walipoanza kupanda kwenye kibanda.

Tarehe mbili Novemba, siku ya marehemu wote, kanisa dogo la kijiji lilikuwa limejaa. Étienne katekista alisimama mbele na daftari, akasoma majina ya waliofariki, moja moja, na baada ya kila jina watu walijibu kwa sala fupi. Akasoma: Nizigiyimana Libérat. Sala ikaanza kinywani mwa watu na kufa njiani. Libérat alikuwa kwenye benchi la nne. Mwili wake uliinuka wenyewe, kama mtoto wa shule jina lake linapoitwa.

"Niko," akasema.

Hakuna aliyecheka. Mwanamke mmoja alimvuta mtoto wake karibu.

Baada ya ibada Étienne alimfuata hadi chini ya ukuta, akaomba msamaha. Alikuwa amenakili daftari la zamani bila kulifuta jina. Libérat alimwambia si neno. Alichotaka ni kitu kingine. Mwalimu amefundisha katekisimu miaka ishirini. Amwambie basi, huko kuna nini?

Étienne hakujibu kama darasani. Alitazama milima, upande wa Rurambo, mahali wachungaji wanapotoka na ng'ombe wao. Alisema amewahi kuona ndama aliyezaliwa huko juu, aliyeshushwa tambarare kwa mara ya kwanza akaliona ziwa. Ndama alisimama, miguu yote minne imekaza. Alidhani anga limeanguka chini. Walimpiga, walimvuta, hakusogea. Ungemweleza nini? Kwamba ni maji? Maji aliyoyajua yeye ni ya kijito, unaruka ukavuka.

"Minye naamini," Étienne akasema. "Lakini kuelewa, hapana. Na usiku wa kuamkia kuzika muntu, silale. Naogopa kama weye."

Libérat alikuwa ametegemea kwamba angalau mtu mmoja haogopi. Alirudi nyumbani polepole.

Mwezi wa kwanza mgomba ukatoa ua. Lilichungulia juu, zito, rangi ya damu iliyokauka, likainama, likaanza kufungua vifuniko vyake kimoja kimoja, na chini ya kila kifuniko safu ya vidole vidogo. Ulikuwa mkungu mzuri kuliko wote wa msimu ule. Watu walipita kuutazama. Gracien, ambaye aibu yake ilikuwa imekwisha, alisema watapika kasiksi, pombe ya ndizi, ya marehemu, na marehemu mwenyewe ndiye atakayeonja wa kwanza. Libérat alikata nguzo yenye panda, akautegemeza mgomba usianguke kwa upepo wa ziwani. Watu wakadhani anautunza mkungu, kumbe alikuwa anaahirisha siku.

Mwezi wa nne aliacha kwenda Kalundu. Alikaa nyuma ya nyumba na rundo la mawe madogo, akiwafukuza ndege, maana ndege ndio wanaotangaza ndizi zikiiva. Alikonda tena. Alipoongea aliongea huku anasikiliza kitu kingine. Mwezi wa tano, asubuhi moja, chane ya juu ilikuwa na ndizi mbili za njano.

Inamahoro alitoka na panga. Hakuwa mwanamke wa kupaza sauti.

"Leo tunaukata, Baba Claude. Zitaoza."

"Zioze."

"Watoto wanakula mihogo tangu juzi, na minye niangalie ndizi zioze?"

Libérat alimwambia tena yale yale, mbuzi wa mama yake, jina, tarehe. Sauti yake ilikuwa ndogo. Alimwomba angoje wiki moja tu, na akaona mwenyewe kwamba baada ya hiyo wiki angeomba nyingine. Inamahoro aliweka panga chini, akakaa juu ya tuta la kaburi, jambo ambalo hakuna mtu aliyewahi kulifanya.

"Gracien hakukosea," akasema. "Minye njo nilimwambia alete na mizizi."

Libérat alimtazama.

"Nilifunua maiti kumi na moja pale Kalundu. Kumi na moja. Wazee wakasema nizike, nikasema ndiyo. Mudomo ilikuwa inasema amekufa, amekufa, lakini kichwa yangu ilikataa. Hakuna kitu ilikuwa inaingia. Nikamwita Gracien pembeni, nikamwambia: ulete yenye inaweza kuota." Alifuta jasho kwa ncha ya kitenge. "Batu balizika. Minye nilipanda."

Libérat alitaka kukasirika. Alikuwa na miezi kumi na mitatu ya hofu, na hapa ndipo ilipotoka. Akauliza kwa nini hakumwambia siku zote hizo. Inamahoro akasema aliona haya. Kijiji kizima kilikuwa kimelia juu ya kitu ambacho yeye alikipanda kama shamba. Na Gracien alikubali kuitwa mjinga, maana ameshazoea.

Hapo Libérat alicheka kidogo, kicheko kikavu, kikaisha.

"Na kama ni kweli? Ukiukata, na minye..."

"Sijui," Inamahoro akasema.

Hakumdanganya, na kwa hilo Libérat akaweza kusimama. Aliondoa ile nguzo. Akaenda akasimama chini ya mkungu, mahali mbebaji anaposimama, miguu imepanuka kidogo, bega la kulia mbele. Ndivyo wanavyokata: mmoja anatia shina jeraha katikati, mgomba unainama polepole kama mtu anayesujudu, na mwingine anaupokea mkungu usiguse chini. Inamahoro akapiga mara moja. Maji ya mgomba yakatoka. Akapiga tena. Shina likalia, likakunjika, na mkungu ukashuka, ukashuka, ukakaa juu ya sugu ya bega lake. Pigo la tatu likaukata.

Libérat alifumba macho. Utomvu ulimchuruzika shingoni ukaingia ndani ya shati, baridi. Doa lake halitoki kwa sabuni yoyote. Alingoja. Alisikia kuku, alisikia pikipiki barabarani, alisikia moyo wake ukigonga mbio kama mlango wa mtu anayedaiwa. Kilo ishirini na tano, bega likasema. Ishirini na sita.

"Tua," Inamahoro akasema.

"Ngoja kwanza."

Hakutaka kutua. Miaka thelathini alitamani kila mzigo ufike mwisho wake, na sasa aliushikilia huu kwa mikono miwili, kwa maana kadiri alivyousikia uzito, alijua kuna mtu chini yake. Zile siku tatu hazikuwa na uzito wowote. Alisimama hivyo mpaka bega lilipoanza kuuma, na maumivu yale akayapokea kama salamu.

Alipofungua macho, kitu cha kwanza alichoona kilikuwa chini ya kisiki kinachovuja. Miche miwili, mmoja wa urefu wa goti, mwingine kama kidole, imetoka upande kwenye tuta, pengine kwenye mfuko wa koti.

"Hii nayo itazaa," akasema. Hofu ilikuwa bado ipo sautini mwake.

"Itazaa," Inamahoro akasema, akamshika kifundo cha mkono. "Na utakuja kubeba. Mwite Mama Léocadie, nimkatie chane yake."

Libérat akaanza kutembea kuelekea uani na mzigo wake, akiupita msalaba wenye jina lake, hatua fupi fupi, kama mtu anayeshuka kutoka botini juu ya ubao mwembamba.